Nimekuja Kufuta Ushuhuda Wangu wa Kwanza

Bwana asifiwe, wapendwa! Mlioko kule nyuma karibu na ngoma, sijawasikia. Bwana asifiwe! Haya, sasa naona tuko pamoja.

Mchungaji amenipa dakika kumi. Mchungaji, wewe na mimi tunajuana miaka mingi, hizo dakika kumi umenipa kwa imani tu.

Ndugu zangu, mimi ni Mama Eliza wa hapa hapa Heru Juu, mke wa Zakayo fundi baiskeli, yule mama mwenye shamba la mihogo kule juu kwenye mwamba. Mdomo wangu mnaujua. Kuna watu humu nimewahi kuwasema mpaka wakahama benchi. Mnisamehe, ila leo mtanisikia nikijisema mwenyewe.

Leo sikuja kuongeza ushuhuda. Nimekuja kufuta ule wa kwanza. Miaka miwili iliyopita nilisimama hapa hapa nikiwa na kitenge hiki hiki, nikawaambia Bwana amenifuta machozi. Mkapiga vigelegele! Mama Mchungaji akanikumbatia. Ndugu zangu, nilidanganya. Na uongo ule nusura uninyang'anye mtoto mmoja niliyebakiziwa, Devota wangu, huyo aliyesimama pale kwenye kwaya mstari wa pili.

Msinikodolee macho hivyo. Kaeni niwaeleze.

Mwaka 2012 nilikuwa na watoto wawili wa kike. Eliza alikuwa na miaka kumi na minne, Devota kumi na mmoja. Eliza mnamkumbuka, mwenye sauti ile nyembamba, aliyekuwa akianzisha pambio hata kabla mwalimu wa kwaya hajafika. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Udaga wangu wote ulikuwa umeanikwa kule juu ya mwamba. Nanyi wakulima mnajua udaga ulivyo: mihogo umeing'oa, umeimenya, umeiloweka bondeni siku nne, umeibeba kichwani mpaka juu na kuianika, ikinyeshewa siku hiyo, basi tena, inaota ukungu na ugali unatoka mweusi.

Nilikuwa jikoni napepeta maharage. Nikaona wingu zito linatokea upande wa Burundi. Nikaita kwa sauti kwamba udaga uanuliwe. Eliza akaja mlangoni, akatazama juu, akasema, "Mama, radi inapiga. Tusubiri kidogo."

Ndugu zangu, mdomo wangu! Nilimjibu, "Kwani wewe chumvi, uyeyuke? Nenda!"

Akachukua kapu akaenda. Hayo ndiyo maneno ya mwisho mwanangu kuyasikia kwangu.

Radi ilipiga mara moja tu. Nilipofika kule juu, nusu ya mwamba ilikuwa tupu, ameshaanua. Nusu nyingine bado. Na yeye amelala katikati na kapu lake. Sitaendelea hapo. Mliokuja kumbeba mnajua.

Sasa sikilizeni kosa langu lilipoanzia. Siku ya mazishi nililia kidogo pale kaburini, na kina mama wenzangu wakanishika mikono huku na huku wakaninong'oneza, "Nyamaza, Mama Eliza, sisi tuliookoka hatulii kama watu wa dunia. Wasioamini wanatuangalia." Walinipenda, siwalaumu. Nikameza. Nikaimba. Jamani, niliimba pambio kwenye kaburi la mwanangu mpaka jirani zetu Waislamu wakaulizana kama nimerukwa na akili. Kumbe wao ndio walikuwa wameona sawasawa.

Ndugu wa mume wangu nao wakaja na yao. Radi hii imetumwa, twende kwa mganga Rungwe Mpya tukajue nani. Nikawafukuza uani kwangu na mwiko mkononi. Mkasema, ona imani ya Mama Eliza! Lakini haikuwa imani. Nilijua aliyemtuma mtoto ni nani. Alikuwa amesimama pale pale na mwiko.

Basi mwaka 2013 ndipo nikatoa ule ushuhuda. Nilisema Eliza hakutumwa na mtu, alijiendea mwenyewe kwa upendo, huku akiimba. Nilisema Mungu alitazama nyumbani kwangu akachagua mtoto mtiifu. Nilisema tangu siku ile sijatoa chozi. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, ila si kwa sababu niliyoitaja. Na Devota alikuwa amekaa benchi la watoto, anasikia kila neno.

Nyumbani hakukuwa na amani. Nguo za Eliza nilizifungia kwenye sanduku, ufunguo nikauning'iniza shingoni. Jina lake likawa halitajwi. Na nyie mlinisaidia: mkaacha kuniita Mama Eliza, mkaanza kuniita Mama Devota ili msinichome moyo. Nilikuwa naitika, ila nikiitika najisikia kama mwanangu nimemzika mara ya pili.

Na mawingu! Likitanda wingu tu, hata kama liko Kibondo huko, namvuta Devota ndani na kupiga komeo. Kwetu huku mvua inaanza mwezi wa kumi inakwenda mpaka wa tano. Hebu fikirieni mtoto alienda shule siku ngapi. Mwalimu akaja kuniuliza. Nikamwambia, "Mwalimu, wako wangapi nyumbani kwako? Wote wazima? Basi niache."

Devota naye akawa hasemi. Nikimwita anakuja, nikimtuma anaenda, ananiangalia kama mtu anayemwangalia mgeni. Nikasema ni ukubwa huo, anavunja ungo.

Halafu masika ya mwaka 2014, siku moja mchana, radi ikaanza. Nikakimbilia ndani kumshika Devota. Hayumo. Naita, kimya. Moyo wangu ukanipeleka kwenye mwamba. Ndugu zangu, nilimkuta amekaa katikati pale pale alipolala dada yake, mikono magotini, amelowa chapachapa, uso ameuelekeza juu. Anangoja.

Nilimburuta mpaka nyumbani nikamchapa. Ndiyo, nilimchapa! Badala ya kumuuliza, nikamchapa kwa fimbo ya kuswagia mbuzi. Hakulia. Wiki iliyofuata radi ilipopiga, akaenda tena.

Hapo nikaelewa kwamba nitampoteza na huyu. Niliomba. Nilifunga siku tatu kavu. Nikamwambia Mungu, "Umechukua mmoja, huyu wa pili sikupi." Naona haya kusema nilivyomfokea Mungu, lakini sikujua kuomba kwa namna nyingine.

Mungu ana mambo yake! Alhamisi hiyo nilipeleka udaga sokoni Kasulu mjini. Nikapita kwa Mama Zuhura, yule mama wa Kiislamu anayeuza vitenge, mtu wa watu. Nimesimama napapasa kitambaa, mbinguni kukanguruma. Sijui ilikuwaje. Nilipopata fahamu niko chini ya meza ya vitenge, nimekumbatia mguu wa meza. Wateja wananichungulia.

Mama Zuhura akachuchumaa, akainua kitambaa, akasema taratibu, "Mama Eliza, huko chini kuna nini ambacho huku juu hakuna?"

Aliniita Mama Eliza. Mwaka mzima sikuwa nimeitwa hivyo.

Akawaondoa wateja, akanitoa, akaniketisha juu ya robota la vitenge. Akaniambia, "Mume wangu alipokufa ile gari ilipopinduka njia ya Kibondo, mimi nilikaa miezi nikimpikia chakula. Nampakulia, naweka, kinapoa. Watoto wakaniogopa. Kuna nesi pale kituo cha afya, mshauri. Nilienda kwake. Nenda."

Nikamwambia, "Mimi nina Yesu."

Akasema, "Na mimi nina Mwenyezi Mungu. Nenda."

Nikaenda. Sasa nyie mnakijua kile chumba cha ushauri nasaha, na lile benchi la nje lililotazama barabara. Na mnajua watu wa Kasulu wanasemaje mtu akikaa pale: amekwenda kupima, ana ule ugonjwa wetu wa siku hizi. Nilikaa dakika ishirini nimejifunika kitenge mpaka puani. Kitenge chenyewe kila mtu anakijua ni changu! Nilipanda bodaboda kurudi, nafika Heru Juu, habari zimeshafika kabla yangu. Zakayo kasimama mlangoni na spana mkononi. "Mke wangu," akasema, "umekwenda kupima nini?"

Nikamwambia, "Kichwa."

Akafikiri kidogo, maskini, akasema, "Basi siku nyingine nipeleke na mimi." Mume wangu naye alikuwa ameumia na mimi sikuwa nimemwona.

Huyo nesi tumwite Dada Spesioza. Wazazi wake walikimbia Burundi, yeye amekulia kambini, sasa ni Mtanzania kama mimi na wewe. Siku ya kwanza akaniuliza kimenileta nini. Mimi nikasimama! Nikashika kiti kama mimbari, nikamtolea ushuhuda wangu wote kwa Kiswahili kizuri, na Bwana asifiwe nikatia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, hiyo ni ya kanisani. Ya jikoni ikoje?"

Nikakiachia kile kiti, nikaketi.

Akasema tena, safari hii kwa Kirundi chake, ambacho na Kiha chetu ni ndugu wa damu, "Niambie kama ungemwambia mama yako."

Ndugu zangu, sikuwa nimewahi kulisema jambo lile kwa Kiha. Mazishini Kiswahili, kanisani Kiswahili, kwa mwalimu Kiswahili. Eliza nilimfokea kwa Kiha. Nilipofungua mdomo, yale maneno ya chumvi yalitoka na sauti yangu ile ile ya siku ile, nikajisikia mwenyewe. Mawe we, mama yangu! Nililia mpaka nikashuka kwenye kiti. Yule dada hakuniambia nyamaza. Hakunishika mkono kunizuia. Alikaa sakafuni kando yangu na gauni lake jeupe la kazi, akangoja kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Nilienda kila Alhamisi, miezi na miezi. Zakayo akaja pia. Dada Spesioza hakunipa dawa hata kidonge kimoja. Alinipa kazi. Kwanza, litaje jina la Eliza nyumbani. Halafu fungua sanduku. Siku moja akaniuliza, "Huyu aliyebaki, umewahi kumuuliza?"

"Nimuulize nini?"

"Lolote. Kisha ufunge mdomo."

Wapendwa, kufunga mdomo! Angeniambia nihamishe ule mwamba ningeona rahisi.

Lakini Jumamosi moja, jua linawaka, tumekaa uani mimi na Devota tunamenya mihogo. Mnajua kumenya kulivyo, macho yako kwenye kisu, humtazami mwenzio usoni. Nikaona hapa hapa. Nikasema, "Devota, Eliza hakujiendea. Mimi ndiye niliyemtuma. Aliniambia radi inapiga, nikamwambia kwani wewe chumvi. Nilidanganya kanisani."

Kisu chake kikasimama.

Akasema, "Hapana, mama. Hukumtuma yeye. Uliniita mimi kwanza."

Nikageuka.

"Ulisema, 'Devota, kaanue udaga.' Nilikuwa nyuma ya migomba. Nikakusikia, nikanyamaza, sikutaka kwenda. Eliza aliniona. Akaniwekea kidole mdomoni hivi, akacheka, akasema basi naenda mimi. Halafu wewe ukasema kanisani Mungu alichagua mtoto mtiifu."

Ndugu zangu. Ndugu zangu! Mtoto wangu miaka yote ile aliamini kwamba radi ilikuwa yake na dada yake akaichukua. Alikuwa anapanda mwambani kungoja ya kwake. Na aliyemhakikishia hivyo ni mama yake mzazi, mbele ya kanisa zima, kwa vigelegele.

Mdomo wangu ulitaka kusema, acha ujinga! Naapa ulishafunguka. Nikaukumbuka ule ushauri, nikaufunga. Nikamvuta tu. Akalia. Mimi nikalia. Hatukulia kama waliookoka, tulilia kama watu. Tulilia kwa sauti mpaka Mama Yona jirani akaja mbio, kanga inamdondoka, "Nani tena? Nani amekufa?"

Nikamwambia, "Eliza."

Akashangaa, "Eliza si tulishamzika?"

"Tulimzika," nikasema, "leo ndiyo tunamlilia."

Mama Yona yuko humu, aseme kama naongopa. Hakuuliza tena. Aliketi chini katikati ya maganda ya mihogo akalia nasi. Zakayo akatoka karakana yake akatukuta, akaweka tairi chini, akaja. Siku ile mihogo haikumenywa. Jioni Devota alikula sahani mbili za ugali. Akaniuliza kama anaweza kuvaa sweta la dada yake. Nikavua ufunguo shingoni nikampa.

Hapo ndipo nilipofunguliwa, wapendwa, uani kwangu, mchana kweupe, na kisu cha mihogo mkononi. Usiku ule nililala! Nililala mpaka Zakayo akanigusa kuona kama napumua.

Nisidanganye tena, si kwamba yote yaliisha siku ile. Tulirudi kwa Dada Spesioza tukiwa watatu, na Devota akawa na siku zake peke yake naye, na mimi nikingoja nje kwenye benchi. Radi ikipiga bado mkono wangu unakimbilia komeo. Lakini sasa radi ikianza kunguruma tunaingia wote ndani, tunakaa mbali na mlango, tunasimuliana habari za Eliza. Udaga ukiloa, uloe! Mwaka jana tulikula ugali mweusi wiki mbili na hakuna aliyelalamika. Devota amerudi shule, mwaka huu yuko kidato cha kwanza, na asubuhi ikiwa na mawingu mimi namsindikiza mpaka njia panda, halafu namwachia aende. Kumwachia aende, ndugu zangu! Mwenye kujua atajua.

Wako watakaouliza, je, maombi hayakutosha? Niliomba, na Mungu akajibu. Jibu lenyewe lilikuja na ndala miguuni na gauni jeupe, na aliyenielekeza lilipo ni mama wa Kiislamu muuza vitenge. Mimi ni nani nimchagulie Mungu watumishi? Namshukuru! Namshukuru kwa Zakayo, kwa Mama Yona, kwa kina mama mlionishika mikono kaburini. Ila siku nyingine, wapendwa wangu, mkimshika mtu mkono, mwacheni alie.

Na wewe uliyekaa hapo na jambo lako umelimeza, unaimba kwa nguvu kuliko wote, nakujua, maana nilikuwa wewe. Mtumaini Bwana, na uende ukaseme. Ukiona aibu ya lile benchi, mimi Alhamisi niko mjini. Njoo tukae wawili. Nitakaa upande wa barabara, ili wapitao wanione mimi kwanza, wanitangaze mimi. Nimeshazoea.

La mwisho, Mchungaji, ndiyo nakaa.

Jana nilimwomba Devota ruhusa ya kusema haya. Akasema, "Sema, mama, ila usirefushe." Nimemkosea na hilo. Devota, mwanangu, sikuiti mbele, najua hupendi. Nisikie hapo hapo ulipo. Yale niliyoyasema kwenye mimbari hii nayafuta mbele ya watu wale wale walioyasikia. Mungu hakuchagua mtoto mtiifu akamwacha mkaidi. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja uliyejificha kwenye migomba kwa sababu hukutaka kuanua udaga. Ni hilo tu. Mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wako nilijificha kwenye migomba mara nyingi, na bibi yako aliita mpaka sauti ikamkauka. Hukubakizwa kwa makosa. Wewe ni mtoto wangu, na Eliza ni mtoto wangu, na kuanzia leo, kanisa, niiteni Mama Eliza na Mama Devota, nitaitika yote mawili.

Kwaya, hebu tuanzishieni lile pambio alilokuwa akilianzisha Eliza. Mbona hamwimbi? Mnaangalia nini?

Eh! Jamani, mpisheni. Mpisheni mtoto apite, anakuja kwangu.